Lisa wa kibarazani Tarakea

Kosta ya kwenda Tarakea haina haraka mpaka ijae. Nilikaa stendi ya Moshi karibu saa nzima nikiwa na begi, sweta mbili na kilo mbili za sukari ya bibi, na hata tulipoondoka konda alikuwa bado anaita kwamba kuna nafasi ya mmoja.

Njia yenyewe naipenda. Unaiacha barabara kuu pale Himo, unapanda hadi Marangu, kisha lami inauzunguka mlima: Mwika, Mkuu, Useri. Migomba inakusindikiza kwa muda mrefu, halafu inapungua, mahindi na viazi vinachukua nafasi, na baridi inaanza kupenya madirishani. Sisi wa Moshi tumezoea kuona Kibo kushoto na Mawenzi kulia. Ukifika Tarakea umeshazunguka hadi upande wa pili, kwa hiyo Mawenzi yenye meno ndiyo iko kushoto na Kibo kulia, kama picha ya nyumbani iliyogeuzwa.

Ni mji wa mpakani. Ng'ambo ni Kenya, upande wa Loitokitok, na watu wanavuka kununua na kuuza kama wewe unavyovuka barabara kwenda dukani. Nilikwenda kwa shughuli mbili. Ya kwanza ni kuandika habari za kliniki ya watoto walio chini ya miaka mitano. Ya pili ni kumwona bibi mzaa mama, ambaye alishanitumia ujumbe kwa watu watatu tofauti kwamba mjukuu wake mwandishi anaandika afya za watu wote isipokuwa ya bibi yake.

Kituoni nilimkuta mwanafunzi wa uuguzi kutoka Uswidi aliyekuja kujitolea kwa miezi michache. Alikuwa anajifunza Kiswahili kwa bidii, anaandika kila neno jipya kwenye kijidaftari. Siku ya pili jioni nikamkaribisha chai kwa bibi.

"Shikamoo bibi," akasema mlangoni.

"Marahaba mwanangu, karibu, karibu ndani, nje kuna baridi."

Lakini mgeni hakuingia. Alikuwa ameinama kwenye kibaraza, mahali ambapo bibi amepanga makopo ya rangi yaliyokwisha, kila moja na mmea wake. Kopo la mwisho, lile lililo kivulini, lilikuwa limefurika maua ya waridi yaliyokolea, bapa, kila ua na mkia mwembamba nyuma kama uzi.

"Maua mzuri!" akasema.

"Mazuri," bibi akamrekebisha bila kusubiri. "Maua mazuri. Ua zuri."

Mgeni akaandika. Kisha akasema jambo lililoifanya chai ichelewe: "Kwetu hili linaitwa flitiga Lisa. Bibi yangu analo dirishani."

Bibi akaniangalia. "Lisa nani?"

Mgeni akaeleza, nami nikisaidia pale Kiswahili chake kilipokwama. Flitig ni mtu mwenye bidii, mchapakazi. Lisa ni Elisabet aliyefupishwa, kama sisi tunavyosema Eliza au Betty. Ua limepewa jina hilo kwa sababu halipumziki. Likitunzwa vizuri, linachanua karibu wakati wote, hata kwenye dirisha la nyumba ya Ulaya wakati nje kumegubikwa na theluji.

Nikamuuliza ile a ya mwisho inatoka wapi, maana alikuwa amesema flitig, na sasa anasema flitiga. Hapo ndipo nilipofurahi. Msichana yeyote mwenye bidii, asiyejulikana ni nani, ni en flitig flicka. Akishakuwa msichana tunayemjua, yule tuliyekuwa tukimzungumzia, anakuwa den flitiga flickan. Sifa inaongezewa a, na jina lenyewe linabeba n mwishoni, kuonyesha kwamba si msichana yeyote tu. Sisi kazi hiyo tunaifanya kwa kusema "yule". Sasa Lisa ni jina la mtu. Mtu mwenye jina tayari anajulikana, kwa hiyo moja kwa moja ni flitiga, hahitaji kutambulishwa. Ni kama vile ua limeingia kwenye familia kupitia herufi moja.

Wakiwa wengi, Lisa anafuata mkondo wa maneno yanayoishia na a. Ua ni blomma, maua ni blommor, basi na makina Lisa dirishani ni flitiga Lisor.

"Kwa hiyo nao wana ngeli," bibi akasema. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka mingi. Ukimpa nafasi atakufundisha mpaka usiku.

Wanazo, lakini mbili tu. Kuna maneno ya en na maneno ya ett. Ua ni la en, mti ni wa ett. Mgeni alikiri kwamba hata wao hawawezi kumweleza mgeni kwa nini. Unazaliwa ukiyasikia hivyo. Bibi akaona ngeli mbili ni kama kucheza. Akamhesabia zetu kwa vidole, m-wa, m-mi, ki-vi, ji-ma, na msichana wa watu akafunga daftari.

Nilipofika Moshi nilisoma zaidi kuhusu ua hilo, na ninachokuandikia hapa kilinishangaza. Asili yake si Uswidi, wala si Ulaya. Ni ua la kwetu, la Afrika Mashariki, linaota lenyewe misituni kuanzia Kenya hadi Msumbiji. Jina lake la kitaalamu ni Impatiens walleriana. Neno la kwanza ni la Kilatini, maana yake asiye na subira, na aliyelisajili mwaka 1753 alikuwa Mswidi: Carl Linnaeus wa Uppsala, yule aliyeuzoesha ulimwengu kuita kila mmea kwa majina mawili. Familia yake yenyewe ilipata jina kutoka mti mmoja wa kwao uitwao lind. Ukiubana mfuko wa mbegu uliokomaa wa mmea huu, unapasuka kwa ghafla na kurusha mbegu mbali. Hiyo ndiyo haraka yake. Ndugu yake anayeota porini Uswidi anaitwa springkorn, punje inayoruka, na neno hilo halibadiliki liwe moja au mengi, kama vile nyumba yetu ni nyumba hata zikiwa mia.

Neno la pili, walleriana, ni la Horace Waller, Mwingereza aliyefika eneo la Zambezi mwaka 1861 na misheni ya UMCA, akawa rafiki wa Livingstone na mpinzani mkubwa wa biashara ya utumwa. Jina hilo lilitolewa mwaka 1868. Liliishia na -ana, halikuishia na -anus, kwa sababu kwa Kilatini Impatiens ni ya kike, na sifa lazima ikubaliane nayo. Bibi angemsahihisha yeyote ambaye angekosea.

Kisha mwaka 1882 ua hilohilo likapewa jina jingine huko Uingereza, Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Wakati huo alikuwa Sayyid Barghash. Baadaye wataalamu wakaona kwamba sultani na Waller ni mmea mmoja. Kanuni yao ni kwamba jina la kwanza ndilo linalobaki, hivyo Sultani akaondolewa. Lakini wauza maua wa Ulaya walishalisambaza, na huko madirishani watu wa kawaida hawakumtaka Waller wala Sultani. Wajerumani wakasema Lieschen mwenye bidii, Waingereza wakasema Lizzie mwenye shughuli nyingi, Waswidi wakasema flitiga Lisa. Limetoka kwetu, likapata jina la mmisionari, likapata jina la mfalme, likaishia kuwa binti wa jirani. Kisha likarudi Tarakea kwenye kopo la rangi, na kwa bibi halina jina kabisa. Analiita "lile la kivulini".

Waswidi, kwa njia, si wageni katika mlima huu. Mwaka 1905 na 1906 msafara wao ulioongozwa na Yngve Sjöstedt ulizunguka Kilimanjaro na Meru kukusanya wadudu na wanyama. Na ndugu wa Lisa yupo mlimani, Impatiens kilimanjari, mwekundu na manjano, umbo lake kama mkonga mdogo wa tembo. Haoti kwingine popote duniani. Wapanda mlima wa njia za Marangu na Machame humpiga picha msituni bila kujua kwamba kwenye dirisha la bibi mmoja huko Ulaya kuna shangazi yake.

Nirudi kwenye chai. Mgeni alituambia majina mengine, na moja lilimchekesha bibi mpaka akashika kifua. Kuna kiua kidogo cha rangi tatu kiitwacho styvmorsviol. Styvmor ni mama wa kambo, s ni "wa" yetu, viol ni jina la kiua. Petali ziko tano, na nyuma yake kuna majani madogo matano yanayozishikilia. Watu wanasema petali kubwa ya chini iliyopambwa ni mama wa kambo, amekalia viti viwili peke yake. Binti zake wa kuwazaa wana kiti kimoja kimoja. Binti wawili wa kambo wanabanana kwenye kiti cha tano.

"Kumbe na huko," bibi akasema, akajifuta machozi. Mimi sikucheka sana. Nimeandika habari za watoto wa kiti cha tano mara nyingi mno.

Kuna na ua la buluu ambalo jina lake ni sentensi nzima iliyounganishwa, förgätmigej, usinisahau. Nikamwambia sisi tunao mmea kama huo, kifauwongo, ule ambao watoto wakiugusa unakunja majani na kujifanya umekufa. Ki, fa, uwongo: kinachokufa kwa uwongo. Mgeni akafungua tena daftari. Mwarobaini akaupenda zaidi, jina ambalo limechukua hesabu ya Kiarabu, likavikwa m ya miti na kupandwa uani, ati kwa kuwa unatibu maradhi arobaini. Hapo ikanibidi niseme kama mwandishi wa afya: arobaini ni sifa, si kipimo, na mtoto mwenye homa apelekwe akapimwe malaria, asinyweshwe hesabu.

Kesho yake asubuhi jambo hili la majina liliacha kuwa mchezo.

Nilikuwa kituoni nikingoja kuzungumza na mama mmoja wa kliniki. Akaingia mama mwingine kutoka vijiji vya chini, kule kwenye joto, amembeba mtoto wa miaka minne au zaidi kidogo, ametapika njia nzima. Sitaandika zaidi kuhusu wao, isipokuwa kwamba mama alikubali nieleze kilichotokea. Mtoto alikuwa amekula mbegu.

"Mbegu za nini, mama?"

"Mbono."

Muuguzi aliyekuwa zamu hakuwa mwenyeji wa Kilimanjaro. Kwao mbono ni ule mmea wa mafuta ya nyonyo. Mbegu zake zina sumu kali sana zikitafunwa, na mtoto anaweza kuonekana ametulia kisha akabadilika baada ya saa nyingi, hata siku. Mama alikuwa anasema juu ya mmea mwingine, mbono kaburi, ule unaopandwa kama uzio. Miaka ya 2000 wakulima wengi walihimizwa kuupanda kwa ajili ya mafuta ya mitambo, na wengi waliuita mbono tu, kaburi wakaliacha. Nao una sumu. Mtoto anatapika, anaharisha, anapungukiwa maji haraka. Yote miwili ni mibaya, lakini saa za kumwangalia mtoto na hatari unayoingojea si sawa.

Wakabaki wanarudia neno moja, mbono, mbono, kila mmoja akiona mmea wake. Dripu ilikuwa imeshawekwa, hilo halikungoja jina. Swali lilikuwa kama mtoto akimbizwe hospitali kubwa sasa hivi.

Aliyetatua alikuwa baba. Alikuwa bado nyumbani, akapigiwa simu, akaambiwa avunje tawi na kupiga picha. Mtandao ukasumbua, picha ikaja vipande vipande. Kwanza likaonekana jani. La nyonyo ni kubwa na limegawanyika kama kiganja chenye vidole vingi, na mbegu zake zina madoa, zinafanana na kupe aliyeshiba. Hili lilikuwa pana, karibu na umbo la moyo, na mbegu kwenye kiganja cha baba zilikuwa nyeusi. Mbono kaburi. Daktari akaamua alazwe palepale, aongezewe maji, aangaliwe. Hata hivyo aliagiza gari lisiondoke uani. Jioni mtoto aliomba uji.

Nilimuuliza daktari angependa mzazi ajue nini, akanijibu huku anaandika, hakuinua kichwa. Usimtapishe mtoto. Usimpe maziwa wala mafuta ukidhani yanakata sumu. Usingoje uone. Mlete, na uje na mmea wenyewe: tawi, jani, tunda, mbegu zilizobaki, au picha kwenye simu. Jina lije pia, lakini lisije peke yake. Akaongeza kwamba aliwahi kupokea mtoto aliyechezea lile ua kubwa jeupe linaloning'inia kama tarumbeta, ambalo watu wengi wa milimani wameligeuza kuwa pambo la uzio. Mboni za macho zilikuwa zimepanuka, mdomo mkavu, mapigo yanakimbia, anaongea na watu wasiokuwepo. Nyumbani walidhani ni mambo mengine, wakapoteza saa mbili za maombi kabla ya kuja. Ua lile kila mtu pale mtaani alilijua kwa sura. Hakuna aliyekuwa na jina lake.

Niliporudi jioni nilimsimulia bibi. Akanyamaza, kisha akatoka na tochi ya simu kukagua makopo yake moja moja. Kiswahili kina mzaha wake: ua ni la kunusa, ua ni uzio wa nyumba, na ua ni amri ya kutoa roho.

"Na hili ua," akauliza mbele ya lile la kivulini, "linaua?"

Nikamwambia Lisa hayumo katika maua ya kuogopwa. Akahamisha kopo moja jingine, sitalitaja kwa kuwa sikuwa na uhakika nalo, akaliweka juu ya paa la banda la kuku.

Mjukuu wake mwingine, binamu yangu wa miaka sita, alikuwa ametufuata. Tangu siku ya chai alikuwa amegundua mifuko ya mbegu. Anatafuta iliyonona, anaibana kwa vidole viwili, paa, mbegu zinaruka, anacheka mwenyewe. Kabla ya mgeni kuja alikuwa akisema, "Bibi, ua limepasuka." Sasa akaniita: "Dada, njoo uone, Lisa amepasuka!"

Nilisimama nikamsikiliza. Hakuna aliyemfundisha. Ua ni la ji-ma, linachukua li. Lakini likishapewa jina la mtu, ulimi wa mtoto unalihamisha wenyewe mpaka kwenye a ya watu. Ndiyo sababu huko Pwani binti anayeitwa Maua, akifika, amefika, hata kama jina lake ni la wingi na la mimea. Hakuna anayesema Maua yamefika. Waswidi nao wanacheza mchezo huu kinyume: Linnea, jina la mabinti wengi kwao, limetokana na kiua cha msituni kilichoitwa kwa heshima ya Linnaeus, ambaye naye jina lake lilitoka kwenye mti. Mti ukawa mtu, mtu akawa ua, ua likawa binti.

Siku ya kuondoka bibi alinikatia vitawi viwili. Lisa hahitaji utaalamu. Unakata kitawi, unaondoa majani ya chini, unakiweka kwenye glasi ya maji kivulini, na baada ya siku chache kinatoa mizizi myeupe. Alivifunga kwa kitambaa chenye maji, akavitumbukiza kwenye chupa iliyokatwa, na mimi nikashuka navyo na Kosta ya asubuhi nikiwa nimevishika mkononi kama mgonjwa. Pale Mkuu akapanda mama mmoja na mtoto mgongoni, akakaa kando yangu, akaviangalia.

"Ua gani hilo?"

Nikamwambia. Akalirudia jina mara mbili, akamwonyesha mtoto, na tulipofika Himo nilikuwa nimebaki na kitawi kimoja.

Wiki tatu baadaye bibi alipiga simu. Alianza na mahindi, akaja kwa mvua, akaniuliza kama ninakula. Kisha akasema, "Na Lisa wako, ameshaota?"